Kahawa ya Wake Wenza

Kwako Mwavita, mke mwenzangu,

Kabla ya salamu nataka nikwambie jambo moja: nilikuwa sahihi. Kahawa haitakiwi kukaangwa mpaka iwe nyeusi kama sufuria la msibani. Nimeona kwa macho yangu huko Kigali, katika maduka ya kahawa yenye vioo toka chini hadi juu, na waliosomea kazi hiyo wamenithibitishia. Wao wanaiepua ikiwa kahawia. Kahawia, Mwavita! Rangi ileile uliyokuwa ukisema ni ya kahawa ya wagonjwa.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Huko kwenu Kalemie, ng'ambo ya ziwa, hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti lile lile ulilokuwa ukinikanda na mafuta ya mawese. Siku hizi najikanda mwenyewe na sifiki vizuri kwa nyuma.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka na hupokei. Mwanao Riziki ndiye anayenichapia, yeye yuko Kigali mimi namtajia kwa simu ya picha, na ataiweka mtandaoni huko ambako watu wa Kalemie nao hushinda. Atakayeisoma na anakufahamu akufikishie: mwanamke mrefu, ana kovu la kikaango mkononi, mbishi. Nataka urudi nyumbani. Hilo ndilo lililoniandikisha, mengine yote ni maelezo.

Wasiotujua nao wajue kwamba mimi na wewe tuliolewa na mwanamume mmoja, fundi wa mitumbwi, tukakaa nyumba moja hapa Kasingirima, Ujiji, wewe chumba cha upande wa barabarani na mimi cha upande wa uani. Mimi ni Muha wa Kalinzi, niliingia kwanza. Mungu hakunijalia mtoto. Mume wetu akavuka ziwa kwenda kutengeneza boti ya mtu, akarudi na wewe. Sikufurahi, na wewe unajua sikufurahi, maana sikuficha. Siku uliyofika ulinisalimia, "Shikamoo yaya," kwa lafudhi yenu ile ya ng'ambo, ambako dada mkubwa ndiye yaya, nikaitikia nikiwa nimekupa mgongo, nachambua dagaa. Ukakaa chini ukaanza kuchambua na wewe. Nikasema moyoni, huyu ana sura ngumu, tutaishi naye.

Tuliishi. Tulinuniana pia, tena sana. Lakini kahawa ndiyo iliyotukalisha jiko moja.

Kwetu Kalinzi kahawa ilikuwa ya kuchuma, kuanika na kupeleka chama cha ushirika. Sisi wenyewe tulikunywa chai ya mchaichai. Kuijua kwenye kikombe nilikuja kuijua Ujiji, na nilipoona wauza kahawa wa barazani wanahangaika kutafuta ya kupika, nikaanza kukaanga buni inayoletwa na ndugu zangu, natwanga na tangawizi kavu, nawauzia. Wewe ukaja ukainama juu ya kikaango changu, ukavuta pua, ukasema, "Yaya, hii bado."

"Imetosha," nikasema.

"Bado. Acha itoe moshi."

"Ikitoa moshi imeungua."

"Ikitoa moshi ndio imeiva. Kwetu tunakunywa hivyo."

"Basi kanywe kwenu."

Ukacheka. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kwako kuliko yote, unatukanwa unacheka. Tukaanza kukaanga mbali mbali, kikaango changu na kikaango chako, jiko moja mkaa mmoja, kwa kupokezana. Mimi nikisema "tosha", wewe unasema "bado". Kila asubuhi ya Mungu. Jirani yetu alikuwa akisema akisikia tosha na bado anajua kumekucha, hana haja ya kuangalia saa.

Kuchanganya hatukukusudia. Ni ile siku mvua ilipotukimbiza uani, tukaingiza kila kitu ndani kwa fujo, na kinu kilikuwa kimoja. Yako ikamwagika juu ya yangu. Tukatazamana. Mimi nilitaka kulia, nakwambia kweli, maana wateja walikuwa njiani. Wewe ukachukua mchi, ukasema, "Yaya, twanga tu." Tukatwanga. Jioni wale wauza kahawa wakarudi kuulizia ile ya leo imetoka wapi, maana wazee wa barazani wamekunywa wakaomba tena, na kashata zikaisha mapema. Tangu siku hiyo ikaitwa kahawa ya wake wenza, nusu kahawia nusu nyeusi, na watu wakaja kuifuata toka Buzebazeba. Hakuna aliyejua siri yake. Walidhani ni tangawizi.

Mume wetu tu ndiye hakuwahi kujua tofauti. Ukimpa yangu anakunywa, ukimpa yako anakunywa, ukimpa maji ya kuoshea kikaango na yenyewe angekunywa akasema alhamdulillahi. Mungu amrehemu. Nilikuwa nakasirika, wewe unasema, "Mwache, huyu ulimi wake umejaa vumbi la mbao."

Ninachokikumbuka zaidi ni kutwanga. Kinu kimoja, michi miwili, wangu unashuka wako unapanda. Mtu asiyejua akiingiza mchi wake hapo atavunja vidole vya mwenzake. Sisi hatukuhesabu wala kuangaliana. Hata zile siku ambazo hatusemezani, nimekununia kwa sababu ya zamu au kwa sababu ya kanga, tulikuwa tunasimama pale kinuni midomo imefungwa, na michi inakwenda. Riziki akilala mgongoni, leo kwako kesho kwangu, hashtuki. Alipoanza kusema alikuwa akiita "mama" sote tunageuka. Baadaye ndipo akanipa langu la Mama Mkubwa.

Halafu mume wetu akafa. Sitaki kurefusha hapo, ulikuwepo. Tulikaa eda chumba kimoja, chako, kwa sababu changu kilikuwa kimejaa wageni, na tulipotoka eda nilikuwa nimezoea kukusikia ukikoroma. Nikadhani maisha yanaendelea. Kaka zako wakaja na boti. Nikakusindikiza mpaka bandarini nimebeba ndoo yako ya vyombo, na nikakuuliza unarudi lini. Ukaniambia, "Yaya, aliyetukutanisha amekufa. Sasa mimi nikae kwako kama nani?"

Nilikwambia usiseme upuuzi. Nikakwambia shika ndoo vizuri. Kaka yako akapiga kelele boti inaondoka, na wewe ukaingia. Umeniacha na swali lile pale ufukweni, na tangu hapo nalitembeza kila ninapokwenda.

Kahawa niliendelea nayo. Nikakaanga yote kahawia kama nilivyotaka siku zote, hakuna wa kunibishia. Wauza kahawa wakachukua, wakarudi wakisema, "Mama, hii siyo ile." Nikajitahidi kukaanga na sehemu yako. Wallahi nilijitahidi. Nilisimama pale nikajiambia leo nangoja moshi. Ikifika ile rangi yangu mkono unaepua wenyewe. Nikashindwa kuunguza kahawa, Mwavita, kitu ambacho wewe ulikifanya kila siku unaimba. Na mchi mmoja unachosha, ukiunyanyua kinu kinabaki kimya mpaka uushushe tena. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Nikawa nakaanga ya kunywa mwenyewe tu, na nyingine sinywi.

Riziki alipopiga simu akasikia sauti yangu, akasema, "Mama Mkubwa, utaozea humo ndani. Njoo Kigali upumzike." Unajua anafanya kazi gani huko? Anapika kahawa. Amesoma shule, amefika mjini mgeni, anavaa aproni nyeusi anapika kahawa! Nilimwambia kazi hiyo angeifanya hapa uani. Akanijibu huku kuna mashine. Nikapanda basi, Kasulu, Kibondo, Kakonko, mpaka Rusumo darajani, nimefunga dagaa wa mwanao kwenye mifuko mingi wasinuke, na walinuka. Abiria wenzangu Wanyarwanda walinitazama, lakini tulipofika kwenye kula walikuwa wa kwanza kuomba.

Siku zake za mapumziko mwanao alinitembeza kwenye maduka ya kahawa kama watu wanavyotembezwa mbugani. Tulikwenda kwa pikipiki, na huko abiria lazima avae helmeti. Nilivaa helmeti juu ya mtandio, nikawa kichwa kama boga. Riziki akanipiga picha. Kama ameiweka na hii barua, mwambie aitoe.

Duka la kwanza lilikuwa zuri, mimea kila pembe, viti vya mbao vilivyopigwa randa vizuri kiasi kwamba nilivipapasa nikamkumbuka mume wetu. Watu wengi, lakini kimya! Kila mmoja na kompyuta yake, masikioni kaziba, kikombe pembeni kinapoa. Nikamuuliza Riziki, hawa wamefiwa? Akasema wanafanya kazi. Barazani kwetu mtu akikaa bila kusema mpaka kikombe kiishe, wenzake wanamuuliza kama anaumwa.

Aliyetuhudumia alikuwa binti wa kule. Nikamsalimia kwa Kiha changu, "Mwakeye," akacheka, akanijibu kwa lugha yao, na tukaelewana vizuri tu, yeye anapindisha huku mimi napindisha kule. Akapima kahawa kwenye mizani kama dawa. Akaweka karatasi kama kofia juu ya chombo cha kioo, akawa anamwaga maji ya moto kidogo kidogo kwa kuzungusha. Mkono wake ulitulia, nilimpenda. Akaniletea. Nikanywa, nikakirudisha kikombe mezani.

"Mwanangu," nikamwambia polepole nisimwaibishe mbele za watu, "hii imechacha."

Riziki akafunika uso. Yule binti hakukasirika. Akanieleza kwamba si kuchacha, ndivyo inavyotakiwa, wateja wanaifuata ladha hiyo, ya limau na maua. Nikamwambia nikitaka limau najua linauzwa wapi. Akacheka mpaka akashika kaunta, na akaniletea ya maziwa iliyochorwa jani juu. Ile niliimaliza. Jani lilikuwa zuri, nilianzia pembeni ili lisiharibike haraka.

Duka jingine tulilokwenda ndilo nililotaka kukusimulia. Hapo wanakaanga wenyewe, mbele ya wateja, kwenye mtambo wa chuma wenye dirisha dogo. Unaiona buni inavyozunguka, kijani, njano, halafu inaanza kupata rangi. Harufu ilipotoka nilisimama bila kuambiwa. Ilikuwa harufu ya uani kwetu. Nikasogea mpaka kwenye kamba waliyofunga watu wasipite. Mkaangaji, mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, akachungulia dirishani, na ilipofika kahawia, rangi yangu hasa, rangi niliyoipigania na wewe tangu Riziki hajazaliwa, akashika mpini afungue.

Nikapiga kelele, "Bado!"

Duka zima likageuka. Yule mzee akaachia mpini kwa kushtuka. Hata mimi nilishtuka, Mwavita, maana neno hilo si langu. Neno langu ni tosha. Mdomo wangu haujawahi kusema bado mbele ya kikaango tangu niumbwe. Lakini nilikuwa nimeitazama ile kahawa mpaka ikafika mahali pa tosha, na baada ya tosha hapo huwa pana sauti nyingine, sikuisikia, basi nikaisema mimi.

Riziki alikuwa anacheka. Halafu nikaona hacheki tena, anafuta macho kwa pindo la blauzi. Mimi nililia. Sioni aibu kukwambia, nililia pale kwenye kamba, watu wa kompyuta wananitazama, na yule mkaangaji maskini anadhani ameniunguza.

Alipojua kisa alitukalisha akatupa kahawa ile ile. Akanieleza kwa upole kwamba rangi ile ndiyo sahihi, ikipita hapo ladha ya shamba inapotea, unabaki na ladha ya moto tu. Nikamuuliza mara ya pili nihakikishe. Akasema ndiyo mama, uko sahihi. Na mimi, mtu niliyengoja maneno hayo maisha yangu yote ya ndoa, sikuona utamu wake. Nilishinda ule ugomvi wetu nchi ya watu, na wewe hukuwepo nikuringie. Nilimgeukia Riziki, nikasema, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia." Ikawa imekwisha. Ushindi gani huo?

Jioni mwanao akachukua kahawa hiyo ya kahawia na nyingine nyeusi ya kwao kazini, akachanganya nusu kwa nusu, akasaga kwa mashine, akatia tangawizi aliyoiparuza. Akaniwekea mezani. Nikanywa.

"Imekaribia," nikamwambia.

"Imepungua nini, Mama Mkubwa?"

Nilitaka kusema kinu. Nikasema, "Mama yako."

Akachukua kikombe changu. Halafu akasema huku anaosha vikombe, "Mimi nikiulizwa mama yako yuko wapi, sijui nitaje Kasingirima au Kalemie. Mkikaa pamoja nataja sehemu moja." Si mtu wa maneno mengi, unamjua. Nimekaa naye muda, maduka nimeyaona mengi baada ya hapo, mengine juu kabisa ya vilima, mengine wanauza keki ghali isiyo na sukari. Mengine kahawa yao nimeipenda, nisikudanganye, hata ile chachu nimeanza kuizoea. Lakini kila nilipoingia nilikuwa naangalia kitu kimoja: nani amekaa na nani. Waliokaa wawili wanabishana, hao ndio niliowaonea wivu.

Nimerudi. Nilipofika tu, Shemeji Haruna, mdogo wake marehemu, akaja na mtu wake. Anataka chumba chako kipewe mpangaji, mwalimu mgeni aliyehamia Ujiji. Mtu mwenyewe mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Shemeji akasema, "Shemeji, chumba kiko wazi, panya watahamia."

Nikamwambia, "Chumba kina mtu."

"Yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Anarudi lini?"

Hapo ndipo mahali pagumu, Mwavita. Nikashika ufagio nikafagia palipokwisha kufagiwa. Shemeji si mbaya, unamjua, akaniangalia akasema basi atangoja kidogo, ila nimpe jibu la kueleweka. Ufunguo ninao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Lakini siwezi kukifungia chumba kwa neno kasafiri mpaka nife.

Kwa hiyo nakujibu lile swali lako la bandarini. Uliniuliza ukae kwangu kama nani. Kwanza si kwangu, ni kwetu, hicho chumba ulikipiga chokaa kwa mikono yako. Pili, unakaa kama mke mwenzangu. Mume amekufa, nimekubali, nimemlia, na eda nimeimaliza. Lakini wewe nani amekuua? Yeye alitukutanisha tu, kama mtu anayewajulisha watu halafu akaenda zake. Waliokaa ni sisi. Tumekaa pamoja saa nyingi kuliko alizokaa na mmoja wetu, maana yeye alikuwa ufukweni na mbao zake tangu alfajiri. Nimehuzunika kumpoteza yeye. Kukukosa wewe kumenishinda. Nimelisema, na Riziki hapa ameacha kuchapa ananitazama kwenye simu. Chapa, mwanangu.

Kama kaka zako wanakuhitaji, kaa nao, uje ukiwa tayari. Kama umepata mume huko, niambie, nitanuna kidogo halafu nitakuja kumwona. Lakini kama huji kwa sababu huna jina la kukaa nalo hapa, jina nimekupa, tena unalo siku zote.

Leo asubuhi nimewasha jiko. Nimekaanga nusu, kahawia, rangi iliyothibitishwa na watu wa nje. Nimesema tosha kwa sauti, na jirani amechungulia ukutani kungoja jibu. Hiyo nusu iko kwenye ungo, nimeifunika. Kinu nimekiosha nimekiweka uani. Mchi wangu nimeuegemeza upande wangu, na wako uko upande wako, sijampa mtu.

Njoo ubishe.

Yaya wako, mke mwenzako,
Kasingirima, Ujiji